Sindano ya Wiki ya Sita

Kwa siku arobaini mzazi wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, hana amri ya jiko. Maji ya kukandwa huchemshwa na mwingine, uji wa pilipili manga hukorogwa na mwingine, na mtoto akianza kulia saa nane za usiku kuna mikono ya kumpokea: ya nyanya, ya shangazi, ya mama mdogo aliyevuka kutoka Wasini na kibegi chake. Mzazi kazi yake ni kunyonyesha, kula na kulala. Siku ikitimia huogeshwa, hufukizwa udi, hutoka. Mtoto naye hutolewa, majirani wakambeba, wakamsifu unene. Kesho yake nyanya hukunja mkeka wake, kwa kuwa naye ana mji wake na wajukuu wengine wanaomngoja. Mama mdogo hupanda mashua.

Wiki hiyohiyo ndipo kilio cha mtoto hufika kileleni.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha hesabu aliyoipata kwa akina mama 80 waliokuwa wakiandika kila siku watoto wao walilia kwa muda gani. Kilio kilipanda kuanzia wiki ya pili, kikafika juu kabisa wiki ya sita kwa wastani wa karibu saa mbili na dakika 45 kwa siku, kisha kikaanza kuteremka. Wenzake waliomfuata wamerudia hesabu hiyo katika nchi nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walipokusanya mwaka 2017 tafiti 28 za aina hiyo, waliona kwamba katika wiki sita za mwanzo mtoto hulia kwa wastani wa saa mbili hivi kwa siku, na akifika wiki ya 10 hadi ya 12 huwa amepunguza mpaka dakika 68. Hata mtoto njiti hufuata mkondo huohuo, ila yeye wiki zake sita huhesabiwa kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Mtoto aliyetangulia kuja duniani mwezi mzima hukawia mwezi mzima kufika kwenye kilele cha kilio. Basi jambo hili linatokana na kukomaa kwa mwili wake, si na kitu alichokutana nacho nje ya mlango.

Wiki sita ni siku 42. Arobaini yetu huisha siku mbili kabla.

Sijui kama wahenga walioiweka arobaini waliwahi kuipigia hesabu upande huu. Walikuwa wakimwangalia mzazi: damu, nguvu, twahara ya ibada. Lakini matokeo yake nyumbani ni kwamba wasaidizi huondoka siku wanazohitajika zaidi, na mtoto huanza kulia kwa nguvu mara tu baada ya kuonyeshwa watu. Hapo hata asiye mshirikina huanza kutazama nyuma. Nani alimshika? Nani alisema ana macho mazuri bila kusema mashallah? Kaonwa huyu. Wengine huliita zongo, wengine husema ni mchango, tumbo linamsokota. Na dalili zote zipo: miguu ameikunja, ngumi amezikaza, uso umemwiva, tumbo gumu kama dafu. Akimaliza kulia hutoa hewa, na hewa hiyo huchukuliwa kuwa ushahidi, ingawa mtoto yeyote anayelia saa nzima atameza hewa nyingi.

Dawa za kituo cha kwanza ziko dukani, katika vijaluba vya muuza dawa za Kiswahili. Mvuje hufungwa katika kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto, au hupakwa utosini na nyayoni. Wengine huuyeyusha kidogo wakamnywesha. Shamari huchemshwa, maji yake yakapozwa. Haba soda husagwa. Nyumba nyingine huanza kwa maalimu: mtoto huzinguliwa, huandikiwa kombe, hufungwa hirizi. Na pale nyanya anapoona hali si hali, kuna fundi wa kuchanja. Kiwembe hupita juujuu tumboni, chale ndogondogo kuzunguka kitovu, kisha dawa nyeusi husuguliwa humo.

Nimezitaja chale makusudi, maana ndizo ndugu wa karibu zaidi wa kile nilichokusudia kukieleza. Katika nchi zenye hospitali kubwa na fedha za utafiti, mtoto wa wiki tano anayelia kwa mchango amekuwa akichomwa sindano za Kichina. Tiba hiyo, akupancha, huko China ina historia ndefu sana, lakini wanaobishania matumizi yake kwa watoto wachanga wenye mchango ni hasa watu wa Sweden na Norway. China kwenyewe watoto wadogo wana tawi lao la tuina, yaani tiba ya kukanda kwa vidole. Mama wa Shimoni anayemsinga mwanawe tumboni kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto hangeiona ngeni.

Shimoni hakuna sindano hizo. Za karibu ziko ng'ambo ya mkondo, na wakati wa kusi unapolala bahari ikawa shwari wavuvi huivuka njia hiyo bila maneno mengi. Madaktari wa China walianza kufika Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na zamu zao hazijakatika hadi leo, Mnazi Mmoja huko Unguja na Abdalla Mzee huko Mkoani, Pemba, hospitali ambayo Wachina waliijenga upya ikafunguliwa 2016. Katika timu hizo wamekuwamo mabingwa wa tiba ya sindano. Mpemba wa Shimoni, ambaye serikali ya Kenya ilimtambua rasmi kuwa mwananchi mwaka 2023 tu, ana jamaa upande ule waliochomwa viunoni na magotini, na atakusimulia. Kumpeleka mtoto mchanga ni jambo lingine, na sidhani kama nyanya angekubali.

Kwa nini Waskandinavia walikubali? Kwa sababu walikuwa wamechoka kama sisi. Madaktari hutumia kipimo alichokiweka Morris Wessel wa New Haven, Marekani, mwaka 1954: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Kwa mujibu wa ule mkusanyo wa Warwick, kati ya watoto 17 na 25 katika kila 100 hufikia kiwango cha mchango ndani ya wiki sita za mwanzo. Hospitali haina dawa ya kuwapa. Matone ya kuvunja gesi yalijaribiwa dhidi ya matone yasiyo na dawa yoyote, na matokeo yakawa sawasawa. Dawa moja ya kulegeza misuli ya tumbo, ambayo kweli ilipunguza kilio, iliondolewa kwa watoto kwa sababu baadhi yao walipata shida ya kupumua. Mzazi akishaambiwa "subiri tu, litapita" na saa ikiwa ni ya tisa ya usiku, atakwenda popote.

Utafiti uliovuma zaidi ulichapishwa Januari 2017 na Kajsa Landgren, muuguzi na mchomaji sindano wa Chuo Kikuu cha Lund, pamoja na mwenzake Inger Hallström. Familia 426 zilizotafuta msaada ziliandika kilio cha watoto wao katika daftari. Wengi hapo walichujwa: waliotimiza kipimo cha mchango walikuwa 157, na 147 wakaingia katika majaribio, wa umri wa wiki mbili hadi nane. Ningependa msomaji aikumbuke hesabu hiyo. Mzazi aliyekosa usingizi huona mtoto amelia usiku kucha; kalamu na saa huonyesha vingine. Simlaumu, na usiku una saa zake.

Watoto hao waligawanywa makundi matatu. La kwanza walichomwa sindano moja mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, ikakaa sekunde mbili hadi tano. La pili mchomaji alichagua mwenyewe pa kuchoma kufuatana na dalili, sindano zisizozidi tano, zikakaa hadi nusu dakika. La tatu hawakuchomwa kabisa. Wote walikuja kliniki mara nne katika wiki mbili. Kila walipokuja, mzazi aliketi na muuguzi akaeleza wiki yake, akasikilizwa, akashauriwa. Kisha mtoto alichukuliwa dakika tano kwenye chumba cha pembeni ambako mchomaji alikuwa peke yake naye, mlango umefungwa, ili mzazi asijue kama mwanawe amechomwa au la.

Kilio kilipungua katika makundi yote matatu. Waliochomwa walipungua zaidi kidogo, na watafiti wakatangaza kuwa sindano inafaa. Magazeti ya Ulaya yakaibeba habari hiyo kama ilivyo.

Haikukaa siku nyingi kabla ya kuanza kupigwa. David Colquhoun, mwanafamakolojia wa London ambaye tangu zamani huiita akupancha mchezo wa jukwaani, alisema hesabu zenyewe hazisimami: vipimo vingi vililinganishwa kwa siku nyingi, na anayetupa jarife mara nyingi vile hakosi kupata samaki mmoja kwa bahati. Edzard Ernst, profesa aliyetumia maisha yake kupima tiba mbadala, naye hakuridhika. Tofauti kuu ilikuwa imesimama ukingoni kabisa mwa kile ambacho watakwimu hukikubali. Lakini mimi hilo si lililonishika. Nilishikwa na kundi la tatu, ambalo halikuchomwa kitu, lililokuja kliniki na kurudi nyumbani, na watoto wake wakapunguza kilio wakati uleule.

Norway walikuwa wamekwisha kujaribu mwaka 2013: Holgeir Skjeie na wenzake walichukua watoto 90 katika zahanati za madaktari wa kawaida kusini mwa nchi hiyo. Nusu walichomwa mguuni chini ya goti kwa sekunde 30, siku tatu mfululizo. Nusu hawakuchomwa, na wazazi hawakujua yupi ni yupi. Hakuna tofauti ya maana iliyoonekana. Mwaka 2018 Skjeie huyohuyo aliketi na watafiti wengine, Landgren akiwa mmoja wao, wakachanganya hesabu za majaribio matatu, jumla ya watoto 307. Walichoandika ni kwamba tiba ya sindano haifai kupendekezwa kwa jumla kwa watoto wenye mchango. Ni uungwana kukubali jambo kama hilo mezani na mtu mliyekuwa pande mbili.

Je, sindano yenyewe iliwadhuru? Hapana, si kwa namna ya kutisha. Katika jaribio la Lund sindano ilichomwa mara 388, na tone la damu lilionekana mara 15. Watoto wengi hawakulia kabisa walipochomwa, wachache walilia zaidi ya dakika moja. Sindano zilikuwa mpya, za kutumiwa mara moja. Hapo ndipo chale zetu zinaposhindwa vibaya, kwa sababu kiwembe cha fundi kikipita tumbo la mtoto huyu kisha la yule, kinaweza kubeba virusi vya ini na vya Ukimwi, na unga mweusi unaosuguliwa kwenye kidonda kibichi unaweza kubeba pepopunda. Kwa upande wa kutuliza mchango, hata hivyo, chale na sindano ya Lund ziko daraja moja: zote mbili hufanywa kilio kikiwa juu, na baada yake kilio hushuka.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Shimoni kwenyewe, kwenye zahanati, katika kitabu cha mama na mtoto. Ratiba ya chanjo ya Kenya inamtaka mtoto aje wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 anachomwa sindano ya Penta kwenye paja, na ya nimonia kwenye paja la pili, akadondoshewa mdomoni chanjo ya polio na ya kuhara. Ukiweka ratiba hiyo kando ya hesabu ya Warwick, utaona mchango umejaa wiki ya 6, umepungua wiki ya 8 na 9 hadi watoto 11 katika kila 100, na kati ya wiki ya 10 na ya 12 umefutika karibu kabisa, hafikii mtoto mmoja katika mia. Mtoto akichomwa sindano ya tatu wiki ya 14 tayari anacheka na mtu. Kama kitangulizi cha nafuu ndicho dawa, basi Penta ingekuwa dawa bora ya mchango iliyowahi kutengenezwa, na hata hivyo hakuna nyanya anayeisifu kwa hilo. Yeye humlaumu muuguzi kwamba mtoto alilia usiku ule baada ya chanjo. Sifa zote zimebaki kwa mvuje.

Na mvuje nao una jambo lake. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu mtoto wa wiki tano aliyefikishwa hospitalini akihema kwa shida. Damu yake ilikuwa imeacha kubeba hewa ya oksijeni inavyotakiwa. Wazazi walikuwa wamempa mvuje wa kunywa kwa ajili ya mchango. Maabara ilionyesha kwamba mvuje huiharibu hemoglobini ile anayozaliwa nayo mtoto, na hauigusi ya mtu mzima. Ndiyo maana baba mtu anaweza kuula katika mchuzi maisha yake yote asipate lolote, na mwanawe wa mwezi mmoja akageuka rangi. Mvuje uliofungwa mkononi katika kitambaa haumdhuru mtu, labda pua za wageni. Ule wa kunyweshwa ningeuacha leo.

Ya Wazungu nayo isiachwe. Kile kichupa cha Woodward's kinachopatikana karibu kila duka la dawa kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga kilibuniwa mwaka 1851 na mwanafamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, aliyeiga dawa iliyotumiwa kwa watoto wenye homa ya vinamasi. Ndani mlikuwa na mafuta ya mbegu za shibiti, magadi, sukari, na kileo kwa kiwango cha asilimia 3.6. Kileo hicho hakikuondolewa nchini Uingereza hadi 1992. Daktari mmoja aliyeandika historia ya dawa hiyo mwaka 2000 alipiga hesabu kwamba dozi ya kutwa kwa mtoto mchanga ilikuwa sawa na toti tano za wiski kwa mtu mzima wa kilo 80. Sishangai walilala. Nikiwawazia akina nyanya waswalihina waliokuwa wakiimimina kwenye kijiko kwa Bismillahi, sijui nicheke au ninyamaze. Inayouzwa sasa haina kileo; kilichobaki ni maji matamu, na mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa agizo la Shirika la Afya Duniani na la Wizara yetu, hahitaji hata maji matupu zaidi ya titi la mama.

Kenya haifanyi vibaya kwenye titi. Mwaka 2008 na 2009 ni watoto 32 tu katika kila 100 walionyonyeshwa bila kuchanganyiwa kitu katika miezi sita ya kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulikuta 60. Lakini mwulize muuguzi yeyote ni lini ahadi hiyo huvunjwa. Huvunjwa na kilio. Mtoto akilia mfululizo jioni tatu, mtu atasema maziwa ya mama hayashibishi, au yameharibika kwa jua, na hapo ndipo uji mwepesi, maji ya shamari na maziwa ya ng'ombe hupata mlango. Mchango wenyewe hauui. Kinachokuja na mchango, maji yasiyochemshwa na kijiko kisichooshwa, huleta kuhara, na kuhara ndiko kunakoua.

Sasa nirudi kwenye mikono, kwa sababu hapo ndipo mwambao unajua kitu. Mwaka 1986 huko Montreal, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba baadhi ya akina mama wawabebe watoto wao angalau saa tatu kwa siku, wakilia wasilie. Wiki ya sita watoto hao walilia asilimia 43 chini ya wenzao. Barr aliendelea kuutazama mwenendo huo katika jamii ya Wasan wa jangwa la Kalahari, ambao hawamweki mtoto chini kutwa. Alikuta watoto wa Kisan hulia mara nyingi vilevile, na kilele chao ni kilekile, ila kila kilio ni kifupi, kama nusu ya urefu. Yaani leso mgongoni haizuii kilio kuanza. Huzuia kisiendelee. Ni haki kusema pia kwamba Barr alipojaribu kubeba kama tiba kwa watoto ambao tayari wana mchango, mwaka 1991, hakupata tofauti. Kwa hiyo hata leso haiponyi mchango. Humfanyia mtoto wa kawaida siku iwe nyepesi, na kwa mwenye mchango humpa mama kitu cha kufanya ambacho hakina madhara.

Ila kubeba kunataka mbebaji. Mtu mmoja hawezi kubeba, kupika, kuchota maji na kulala, na ndiyo sababu arobaini ilikuwa na watu wengi. Siku hizi watu hao wanapungua. Shangazi anafanya kazi ya hoteli Diani, hupanda matatu alfajiri na kurudi usiku. Dada anauza samaki wa kukaanga pale gatini. Baba, kama ni mvuvi, huenda yuko dago, kambini mbali na mji, kaskazi ikivuma, na atarejea msimu ukigeuka. Akirudi mtoto ana miezi mitatu, ametulia, anamkodolea macho. Akaambiwa alikuwa akilia hivi na vile mpaka fundi fulani alipomchanja, na ada ya fundi bado inadaiwa.

Nimemtaja baba kwa sababu nyingine ambayo mimi na wenzangu wa pwani hatupendi kuizungumza. Kilele cha kilio na wiki chache baada yake ndicho pia kipindi ambacho watoto wachanga hufikishwa hospitali wakiwa wametikiswa. Barr na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba umri wa watoto hao hufuata mkondo wa kilio, ukiwa nyuma kwa wiki chache. Mtu mzima aliyechoka humshika mtoto mabegani akamtikisa mara mbili tatu ili anyamaze, naye hunyamaza, kwa kuwa ubongo umeumia. Si lazima awe mtu mbaya. Kwa mtu aliyefika hapo ushauri ni wa kushangaza kwa wepesi wake: mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, kaa chini ya mwembe dakika kumi, urudi. Kilio cha dakika kumi hakijamuua mtoto yeyote.

Kipo kilio kisicho cha mchango, na hapa sina mzaha. Mchango huja kwa mtoto anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito, ambaye kati ya kilio na kilio yuko sawa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi si mchango. Anayekataa titi si mchango. Matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo lililovimba likakaa gumu hata amelala, uvimbe wa kinena usiorudi, utosi uliotuna au uliodidimia, mtoto aliyelegea ambaye kilio chake kimekuwa chembamba kama cha paka: yote hayo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na Kwale ni nchi ya malaria, homa haingojwi ipambazuke. Kutoka Wasini au Mkwiro ni mashua kwanza, kisha kutoka gatini kwa gari au bodaboda hadi Kanana kwenye barabara kuu, kisha Msambweni. Njia hiyo inapoteza muda wa kutosha yenyewe. Kupitia kwa fundi kwanza ni kuongeza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imeitambua tiba asilia na tiba mbadala, na inataka isimamiwe. Sioni ubaya. Fundi aliyesajiliwa anaweza kufundishwa orodha hiyo ya dalili na kumrudisha mtoto hospitali, na mara nyingi atasikilizwa kuliko muuguzi. Lakini nikiulizwa Shimoni ifanye nini kuhusu mchango wa watoto, sitaanza na fundi, wala na sindano kutoka Mkoani. Ningeanza na ile siku ya chanjo ya kwanza. Mama yuko pale kwenye benchi, mtoto mapajani, wiki ya sita, siku moja au mbili tangu nyanya aondoke. Hakuna siku nyingine serikali inampata mikononi akiwa katika hali hiyo. Muuguzi anahitaji dakika tano kumwambia: atalia zaidi wiki hii kuliko zote, hasa jioni, mbebe, mcheulishe, mbembeleze, asiposikia mwachie mwenzio, wiki ya kumi ukija utaniambia. Na wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwatoa zaidi ya 100,000 nchi nzima mwaka 2023 na mikoba yao, wanaweza kugonga mlango wiki ya saba na ya nane, hata kama ni kumshika mtoto mama akaoge.

Upande wa nyumbani ningeomba jambo moja kwa akina nyanya. Arobaini ya mzazi ibaki kama ilivyo, udi ufukizwe, watu waje. Ila mkeka usikunjwe. Nyanya akae hadi siku ya sabini, siku ya Penta ya pili, kama mji wake unamruhusu. Na kama haumruhusu, wagawane zamu, yeye wiki moja, mama mdogo wiki moja, mamamkwe wiki moja. Kwa chakula, huyo anayetoka dago ana samaki.